Miguu ya Nyangumi

Mama Mkubwa hakuniamini nilipomwambia kwamba nyangumi ana miguu.

"Miguu," alisema. "Na viatu ananunua wapi?"

"Ni mifupa tu, Mama Mkubwa. Miwili, midogo. Imening'inizwa kwa waya karibu na mkia."

"Samaki mwenye miguu."

"Si samaki. Kamusi wa kazini anasema ni mnyama, ananyonyesha kama ng'ombe."

"Huyo Kamusi wako alimkamua lini?"

Nilicheka mpaka chupa ya mafuta ikanitoka mkononi. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda namchua magoti, kama kila jioni. Yeye alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni. Miguu ilimkatalia miaka mitatu iliyopita, lakini futi hajaivua. Ameshona mashati miaka thelathini, na mpaka leo mtu akiingia chumbani humpima mabega kwa macho kwanza, ndipo aitikie salamu.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na ule ukuta ameshaumaliza. Kwa hiyo nikirudi kazini haniulizi nimeshindaje. Ananiuliza, "Leo umefuta nini?"

Mimi ni mfanya usafi katika jumba la makumbusho. Naingia saa kumi na moja alfajiri, nadeki vyumba vya chini na vya juu, nafuta makabati ya vioo, na ikifika saa tatu, wageni wanapofunguliwa mlango, mimi niko stoo ya chini, kwa nyuma, nasuuza madekio. Wageni nawasikia tu, nyayo zao juu ya kichwa changu. Napenda iwe hivyo. Sina mazoea ya kusema na watu. Kazini wananiita Kimya, na sijawahi kulikataa jina hilo, maana kulikataa kungetaka niseme.

Stoo yangu ina ndoo, madekio, kabari za mbao za kuzuia milango, na karatasi moja ukutani. Karatasi hiyo ililetwa baada ya Mkurugenzi kuteleza mbele ya wageni wa heshima akakaa chini bila kutaka. Imeandikwa: sakafu ikiwa na maji, alama ya njano iwekwe, milango ifunguliwe pande zote, samani zisogezwe mpaka pakauke. Chini kuna saini na mhuri.

Sasa, Mama Mkubwa ana maswali. Nikimwambia kuna jiwe lenye alama ya jani ndani yake, anataka kujua jani liliingiaje. Nikimwambia kuna ndege aliyejazwa pamba, anauliza mshono uko wapi, tumboni au mgongoni, na umeshonwa kwa mkono au kwa mashine. Basi kesho yake inanibidi nimvizie Kamusi kwenye korido kabla hajafunga tai. Kamusi ni mwongoza wageni wetu. Alipewa jina hilo kwa sababu ukimuuliza neno moja anakupa kurasa mbili.

Lakini habari ya miguu ilimganda Mama Mkubwa. Wiki nzima aliirudia.

"Kwa nini awe na miguu na hatembei?"

"Kamusi anasema zamani mno mababu zake walitembea nchi kavu. Walipohamia majini miguu ikapungua, ikapungua, mpaka ikabaki vile vifupa. Havitokezi hata nje ya ngozi."

"Kwa hiyo anayo, ila haijui njia ya kutoka."

"Ndivyo."

Alivuta shuka lililomfunika magotini, akalinyoosha mikunjo kama anayetaka kulikata. "Sitaki tena kuambiwa," akasema. "Nataka kuona."

Jumba letu ni la zamani. Mlango wa mbele una ngazi kumi na nne, na nyangumi yuko ghorofani, ngazi nyingine thelathini na mbili. Naijua idadi yake kwa sababu kila moja naifuta.

Siku chache baadaye Mkurugenzi alituita wote. Paa la ukumbi wa juu lilikuwa linavuja. Mafundi wangeanza Jumatatu ya wiki iliyofuata, na nyangumi angeshushwa mfupa kwa mfupa, afungwe kwenye masanduku. Kwa muda gani? Miaka miwili, labda zaidi. Kisha akatoa barua mfukoni, akatusomea. Iliandikwa na dereva mmoja mstaafu aliyekatwa mguu. Alisema amelipita jengo letu miaka ishirini kila siku, akijiambia ataingia siku atakayopumzika. Sasa amepumzika, na hawezi kupanda.

Mkurugenzi alikunja barua. "Jumamosi, kabla hatujafunga, itakuwa siku ya wageni wasioweza ngazi," alisema. "Wawili wawili, tangu asubuhi mpaka jioni. Kamusi, tafuta njia."

Kamusi alitandaza mchoro wa jengo mezani akaanza kupitisha kalamu nyekundu. Mimi nilikuwa nafuta meza ya pili. Kalamu ilipita mlango wa ubavuni, ikaingia chumba cha vyungu, na hapo kitambaa changu kikasimama chenyewe.

"Hapo pana kizingiti," nilisema.

Kamusi aligeuka kama mtu aliyesemeshwa na kabati. "Kwenye mchoro hakipo."

"Ndoo yangu inakijua."

Ilinibidi nieleze. Ndoo yangu ya kudekia ina magurudumu manne madogo, na kila alfajiri naivuta jengo zima ikiwa imejaa. Penye kizingiti maji yanamwagika. Sakafu ikiinama kidogo, ndoo inaanza safari bila mimi. Chumba cha vyungu kina kizingiti kirefu kama tofali. Korido ya nyuma haina.

Kamusi hakucheka. Aligeuza karatasi safi, akanipa penseli. "Chora inakopita ndoo."

Nilichora. Mlango wa nyuma ambako tunatolea mapipa, wenye mteremko wa saruji. Korido ndefu. Lifti ya mizigo, ile ya kupandishia masanduku. Korido ya juu. Kisha mlango mkubwa wa ukumbi wa nyangumi. Pale ndoo inapotikisika nilichora mawimbi, na pale inapokimbia yenyewe nikachora mshale.

"Mlango wa ukumbi una upana gani?" Kamusi aliuliza.

Nilifungua mikono yote miwili. "Hata mashine ya kung'arishia sakafu inapita, na nafasi inabaki."

Aliandika: njia nyeupe hadi kwa nyangumi. Akatoa nakala za mchoro wangu, na kila aliyealikwa akapelekewa moja kwenye bahasha. Jina la Mama Mkubwa niliomba mimi mwenyewe liandikwe. Ilinichukua siku mbili kupata ujasiri wa kuomba, na Kamusi akakubali kabla sijamaliza sentensi.

Mama Mkubwa aliisoma ramani kama anavyosoma kipande cha karatasi cha kukatia nguo. Alifuata mstari kwa kidole, akarudi, akaufuata tena. "Hapa ndoo inakimbia?" "Ndiyo." "Basi hapo uniachie breki mwenyewe." Aliibandika ukutani juu ya kitanda. Usiku ule ule alianza kupunguza pindo la gauni lake la samawati ili lisinaswe na magurudumu.

Alikuwa na sharti moja. "Sibebwi," alisema. "Unakumbuka kule hospitali?"

Nilikumbuka. Lifti iliharibika, wanaume wawili wakambeba ngazini kama gunia la mkaa, na foleni nzima ikaona shimizi yake.

"Nitaingia nimekaa na nitatoka nimekaa. Ikishindikana narudi kwenye ukuta wangu, na wewe utaendelea kunihadithia. Miguu ya nyangumi nitakuwa sijaiona, basi."

Jumamosi jirani yetu anayesambaza mikate alitupakia kwenye gari lake, akatumia ubao wa kushushia kreti kupandisha kiti. Alituonya kwamba saa sita kamili atakuwa nje ya lango, maana mikate ya mchana haimsubiri mtu. Tulifika saa nne tukinuka mikate.

Kwenye mteremko wa nyuma tulimkuta Kamusi na yule dereva aliyeandika barua. Alikuwa mzee mrefu mwenye magongo mawili na kofia ya kazi ambayo bado aliivaa sawasawa.

Mama Mkubwa alitazama mapipa yaliyopangwa ukutani. "Kwa hiyo sisi mmetupitisha njia ya takataka."

Kamusi akaanza kuomba radhi kwa kurasa mbili. Dereva akamkatiza. "Mama, takataka zinashuka. Sisi tunapanda."

"Kwapa la shati lako limefumuka," Mama Mkubwa alimjibu.

"Nilijua nitakutana na fundi."

Kiti kilipanda vizuri. Hakikutikisika, hakikusita. Nilikuwa nasukuma mimi, na kwa mara ya kwanza nilijisikia kama mwenyeji mahali pale. Tukaingia korido, tukakata kona, na tukafika kwenye mlango.

Ulikuwa umefungwa.

Niliutazama kana kwamba umejengwa usiku. Mlango wa mbao nzito, wenye springi juu, unaojifunga wenyewe. Nilikuwa nimeupita kila siku kwa miaka miwili na ndoo yangu haikuwahi kuukuta umefungwa, kwa sababu kila alfajiri kazi yangu ya kwanza ni kuzunguka na kabari zangu za mbao na kuzuia kila mlango wa jengo ubaki wazi, ili sakafu ikauke. Saa tatu kasoro nazing'oa kabari, milango inajifunga nyuma yangu, nami nashuka stoo.

Kamusi aliuvuta kwa mikono miwili akausukumia ukutani kwa mgongo wake. Tukapita.

"Huu haukuwepo kwenye ramani," Mama Mkubwa alisema. Hakulaumu. Aliuliza tu, kama anavyouliza kila kitu.

Nilikuwa nimechora jengo la alfajiri. Hili lilikuwa jengo la saa nne, na tulikuwa hatujuani.

Mlango wa pili Kamusi aliuzuia kwa mguu. Lifti ilikuwa inafanya kazi. Fundi wa umeme alikuwa ameachiwa maagizo. Ilipanda polepole ikilia, na Dereva akasema ingekuwa gari angeshuka aitazame injini. Mlango wa tatu tukaupita. Nikabaki naomba kimoyomoyo kuhusu wa nne.

Mlango wa ukumbi wa nyangumi una pande mbili. Alfajiri zote ziko wazi. Sasa upande mmoja ulikuwa umefungwa kwa komeo juu na chini, na nyuma yake ilikuwa imesukumwa meza. Mezani kulikuwa na kitabu cha wageni, na nyuma ya kitabu alikuwa Afande, mlinzi wetu, na kile kidude cha kuhesabia watu mkononi.

"Karibuni," alisema. "Mmoja mmoja."

Dereva alipita kwa magongo yake. Kidude kikalia. Nikasukuma kiti. Magurudumu yakagonga mbao, kushoto na kulia kwa pamoja.

Mama Mkubwa alivua futi shingoni, akapima uwazi wa mlango, kisha akapima kiti chake kutoka ukingo hadi ukingo. "Mlango inchi ishirini na nne," alisema. "Mimi ishirini na tano na nusu."

"Afande, fungua upande wa pili," Kamusi alisema.

"Haufunguliwi mpaka nipate neno la Mkurugenzi. Agizo ni mmoja mmoja, upande mmoja, tangu kasa aibiwe."

"Kasa gani?" Mama Mkubwa aliuliza.

"Kasa aliyekaushwa, Mama. Mdogo hivi. Liliingia kundi la watu kwa pande zote mbili, walipotoka kasa hayupo."

"Sasa mimi nitamficha wapi nyangumi?"

Dereva alicheka peke yake kule ndani. Afande hakucheka, yule kasa aliibiwa zamu yake. Kamusi akapiga simu kwa Mkurugenzi, simu ikawa imezimwa. Alikuwa kwenye kikao mjini mpaka mchana. Afande, ambaye si mtu mbaya, akavua kofia. "Mama, mimi na huyu tunakunyanyua mara moja tu. Kiti tunakikunja, tunakipitisha, tunakukalisha."

"Asante, mwanangu. Sibebwi."

Kutoka pale alipokuwa aliweza kuona kichwa. Taya mbili ndefu zilizokutana mbele, na shimo la jicho. Mwili wote uliobaki, mbavu, uti wa mgongo, mkia na vile vifupa vyenyewe, ulikuwa upande wa pili wa ubao uliofungwa. Aliinama kushoto mpaka kiti kikalia. Haikusaidia.

"Haya," alisema baada ya muda. "Nimeona kichwa. Wangapi hawajaona hata kichwa?" Kisha akanishika mkono, maana alijua uso wangu ulivyo bila kugeuka. "Ramani yako ilikuwa nzuri. Umesahau mshono mmoja tu."

Afadhali angenigombeza.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Jumatatu nyangumi angekuwa kwenye masanduku. Nilitaka kumwambia Afande jambo, lolote, lakini maneno yangu yalikuwa yale yale ya siku zote, yanafika kooni yanageuza. Nikageuka na mimi. Nikaenda mwisho wa korido, kwenye kabati la bomba nilikoacha vyombo vyangu vya kazi, nikajaza ndoo.

Niliirudisha ikiwa imejaa. Nikasimamisha alama ya njano katikati ya mlango. Nikachovya dekio, sikulikamua, nikaliweka sakafuni.

"Kimya! Unafanya nini? Saa nne hii!" Afande aling'aka.

"Nadeki."

Sakafu ya pale inaelekea ndani kidogo. Ndoo yangu inajua, na maji pia yanajua. Yalipita chini ya ubao uliofungwa, yakazunguka mguu wa kwanza wa meza, yakaelekea wa pili. Afande alinyakua kitabu cha wageni akakikumbatia.

"Sakafu ina maji," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoiagiza. "Milango pande zote. Samani zisogezwe. Ni amri ya Mkurugenzi, iko stoo."

Afande alinitazama mimi, akatazama maji, akamtazama Kamusi. Na Kamusi, Mungu ambariki, akakohoa na kuisoma ile karatasi yote kutoka kichwani, neno kwa neno, pamoja na tarehe.

"Ina mhuri?" Afande aliuliza.

"Saini na mhuri."

Afande alifikiri. "Ya kasa niliambiwa kwa mdomo tu," alisema taratibu, kama mtu anayeanza kuona mwanga. Akaweka kitabu dirishani, akasukuma meza, akavuta komeo la chini, akavuta la juu. Upande wa pili ukafunguka mpaka ukutani. Nikapiga kabari yangu chini yake kwa kisigino.

Mama Mkubwa alinizuia nisimsukume. Aliingia mwenyewe, mikono yake juu ya magurudumu, na nyuma yake ikabaki mistari miwili ya maji sakafuni.

Hakwenda moja kwa moja kwenye miguu. Huyo ndiye Mama Mkubwa. Alianzia kwenye taya akaenda polepole, akisimama kila hatua chache. Alihesabu mbavu za upande mmoja, akamzunguka akahesabu za upande wa pili. "Zinalingana," alinijulisha. Alimuuliza Kamusi kama ule uti ulikutwa mzima au uliungwa. Alimuuliza Dereva kama amewahi kuendesha gari refu hivi, na Dereva akasema moja, na lilimsumbua kwenye kona. Nami nikafuata na dekio, nikikausha nyuma yao.

Kisha tukafika kwenye mkia, na vile vifupa vilikuwa hapo, vinaning'inia kwa nyaya nyembamba, usawa wa bega langu. Kila kimoja kirefu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi kiganja, kimejipinda kama upinde.

Mama Mkubwa alisimamisha kiti chini yake, akainua uso.

"Kweli ni miguu," alisema. "Nakuomba radhi, mwanangu, nilikuita mwongo."

"Hukuniita."

"Moyoni." Kisha akakunja shingo. Akasogeza kiti nyuma nusu hatua, akakirudisha. Niliujua uso huo. Ni uso anaovaa mtu akipita mbele yake na shati lililoshonwa na fundi mwingine. "Nani aliyemvalisha?"

"Samahani?" Kamusi alisema.

"Hivi vifupa. Vimebadilishwa. Cha huku ni cha kule. Angalia vilivyopeana mgongo. Ukishona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, shati linakaa hivi hivi, linamkataa mwenyewe."

"Mama, viliwekwa na wataalamu, kabla mimi sijazaliwa."

"Sijauliza umri wao. Chini ya hiki kuna maandishi. Wino mweusi, umefifia. Kutoka hapa nayaona, ila kusoma siwezi."

Kamusi aliinama. Hakuona. Nami nilikuwa nimevifuta vile vifupa kila alfajiri miaka miwili, kwa brashi ya manyoya, kutoka juu. Sote tulikuwa tunavitazama tumesimama. Kati ya wote waliowahi kuingia ukumbi ule, Mama Mkubwa pengine ndiye wa kwanza kupita chini yake akiwa amekaa.

Kamusi alitazama sakafu yenye maji, akatazama shati lake lililopigwa pasi. Kisha akalala chali.

"Kuna namba," alisema kutoka chini. "Na neno. Kulia." Akageuza kichwa kuelekea taya. "Na hiki kiko kushoto. Lakini subiri. Kulia kwangu mimi au kulia kwake yeye?"

"Kulia ni kwa anayevaa," Mama Mkubwa alisema. "Siku zote. Huyo fundi wenu alisimama mbele ya nyangumi, akamtazama usoni, akatumia kulia kwake mwenyewe. Wanafunzi wangu wote wa mwanzo walikosea hapo hapo. Mmoja alinishonea mifuko ya mashati kumi na mawili upande wa kulia kabla sijageuka."

Wakati huo tulisikia viatu mlangoni. Alikuwa Mkurugenzi, kikao kimekwisha mapema. Alitazama meza iliyosogezwa, mlango uliofunguliwa pande zote, alama ya njano, na maji. Akamtazama mwongoza wageni wake.

"Kamusi?"

"Nasoma, Mkuu."

"Afande?"

Afande alisimama wima. "Sakafu ina maji, Mkuu. Amri yako."

Nilidhani nimekwisha. Mkurugenzi alinyanyua mguu mmoja, akaukumbuka ule mtelezo wake, akaushusha kwa uangalifu. Alikuja mpaka kwenye mkia, akashika nguzo iliyokuwa karibu, akachuchumaa kando ya kiti cha Mama Mkubwa ili aone alichokuwa anaona. Wakakaa hivyo wawili, wakitazama juu. Mama Mkubwa akamwonyesha kwa futi, hapa upinde unaanzia, hapa unageukia. Mkurugenzi aliuliza maswali matatu, na yote matatu yalikuwa mazuri. Nilijua, kwa sababu Mama Mkubwa aliyajibu kwa heshima.

"Akirudishwa baada ya paa," Mkurugenzi alisema, "tutavibadilisha."

"Nitakuja kuhakiki," Mama Mkubwa akasema.

"Utapita mlango gani?"

Ni mimi aliyenitazama wakati wa kuuliza. Nikasema mlango wa ukumbi ubaki wazi pande zote siku nzima, maana kuna wageni wa saa tano na wa saa nane. Nikasema milango mitatu ya korido inahitaji kabari. Nikasema ramani nitaichora upya, nikiwa nimekaa kwenye kiti, saa nne. Nikanyamaza, maana nilikuwa nimemaliza akiba ya mwezi.

Saa sita kamili honi ya mikate ililia langoni.

Jumatatu nilikuta ukumbi umejaa masanduku. Kamusi alikuwa anaandika ubavuni mwa kila moja kwa kalamu nene. Vifupa viwili vilikuwa vimelazwa kwenye sanduku dogo lenye pamba, na aliandika: mguu wa kulia, mguu wa kushoto.

"Ongeza neno," nilisema.

"Lipi?"

"Kulia kwake."

Aliongeza.

Jioni nilimsimulia Mama Mkubwa nikimchua magoti. Ramani ya zamani bado ilikuwa ukutani, na kando yake ilikuwa mpya, yenye milango minne iliyochorwa ikiwa imefungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na hiyo pamba," aliuliza, "imefungwa kwa uzi au imelazwa tu?"

Sikuwa nimeangalia.

"Kesho," nilimwambia.